Kidole Kimoja Kiunoni

Mabukwe wangu na mimi tunagawana ukuta mmoja, mbu walewale na mtoto mmoja, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo tulichowahi kukubaliana juu yake. Mabukwe ndivyo tunavyomwita mama mkwe hapa Kigali. Jina lake ni Nyiraneza, mtaa mzima wa Rwezamenyo unamwita Mama Nasiri, na huyo Nasiri ndiye mume wangu, dereva wa lori, ambaye yuko nyumbani siku nne kwa mwezi na zote nne anazimaliza kwa kulala.

Nyumba ni ya mabukwe, na hanipi nafasi ya kulisahau hilo. Upande wa kushoto wa baraza ni duka lake: sabuni, mchele, kreti za soda, mkebe wa peremende na sanduku la kioo la mandazi. Upande wa kulia ni cherehani zangu mbili na kioo kirefu cha wateja. Duka likipoa anashona kofia kwa mkono, kazi aliyoachiwa na mama yake aliyetoka Ujiji akiwa bi harusi. Hapo namkubali, kwa sababu mimi ni fundi na kazi nzuri naijua. Pengine pote simkubali.

Kaze ni binti yangu wa pekee. Ana miaka kumi, yuko darasa la nne, na alizaliwa na kilo mbili na robo. Hizo kilo mabukwe hajanisamehe mpaka leo. Kwake yeye mtoto mwembamba ni tangazo lililobandikwa mlangoni kwamba mama wa nyumba hii ni mchoyo au hajui kupika, kwa hiyo alijitwika kazi ya kulibandua. Chai ya vijiko vinne, mandazi mawili kabla ya shule, mandazi mawili baada ya madrasa, soda ya Ijumaa kwa sababu ni Ijumaa, na soda ya Jumapili kwa sababu majirani Wakristo wanakunywa. Watu wakipita wanambinya Kaze mashavu na kumpongeza bibi yake. Mimi nilikuwa nafumua sare kila muhula na kunyamaza.

Fundi yeyote anayeshonea watoto huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, vidole viwili kila upande, kwa sababu mtoto anakua. Unafumua mshono wa zamani, unashona mwingine nje yake, gauni linapata nafasi na mzazi hanunui jipya. Kwa Kaze nilikuwa naongeza upana kuliko urefu, na hapo ningepaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Fundi hamtazami mtu, anatazama nguo iliyo juu ya mtu.

Kisha wahudumu wa afya wakaja shuleni kupima watoto, na Kaze akarudi na karatasi: mzazi alete mtoto kituo cha afya, asubuhi, kabla hajala.

Muuguzi aliyetupokea anaitwa Mukarugwiza, mama wa makamo asiyetabasamu ovyo. Alimtoboa Kaze kidole, akamsimamisha kwenye mizani, kisha akamwinamisha kichwa na kunionyesha weusi nyuma ya shingo.

"Unaona hii, Mama Kaze? Si uchafu."

Mimi nilikuwa nikiusugua weusi ule kwa sabuni na dodoki kila Jumapili, huku namgombeza mtoto kwamba hajui kuoga. Nikatazama pembeni.

"Sukari yake iko juu," akasema. "Hajawa mgonjwa bado, lakini iko njiani na njia yenyewe ni fupi. Nyumbani kuna mtu wa sukari?"

Alikuwepo. Baba mkwe wangu, Sibomana, walimkata kidole cha mguu, kisha wakamkata mguu hadi goti, kisha tukamzika. Kaze alikuwa na miaka minne. Kitu anachokumbuka ni magongo.

"Nakupa miezi mitatu," Mukarugwiza akasema. "Soda hapana. Mandazi hapana, chai bila sukari, na atembee. Lakini usimnyime chakula, unanisikia? Na nyumba nzima ibadilike, isiwe yeye peke yake kama mfungwa. Mkirudi imepanda, namwandikia hospitali aanze dawa."

Nilisikia dawa. Ile ya nyumba nzima iliingia sikio hili ikatokea lile.

Tulipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilikwenda moja kwa moja dukani.

"Mama, kuanzia leo Kaze hali kitu cha dukani kwako."

Aliendelea kupanga sabuni. "Kitu gani?"

"Chochote."

"Mchele mnaokula pia umetoka dukani kwangu."

Nikamwekea karatasi ya kituo cha afya mbele yake. Akaitazama kwa mbali kama mtu aliyeletewa bili ya maji ya jirani.

"Mtoto ana mashavu mazuri, mnampeleka kupimwa," akasema. "Watoto wa mtaa wa Kabeza wote wamekonda, na hakuna anayewaandikia karatasi."

"Baba Nasiri naye alikuwa na mashavu mazuri," nikasema.

Nilijua ninachosema. Sabuni aliyoishika ilibaki mkononi. Kisha akaiweka chini.

"Sitampa," akasema. "Nikimpa hata peremende moja, Mungu ananiona."

Sikumwamini. Kesho yake alilihamisha sanduku la mandazi kutoka ukuta wetu akalipeleka mwisho wa duka, karibu na barabara, nami nikasema moyoni: haya, analiweka mbali ili nisione mkono wake unapoingia.

Nasiri alipiga simu jioni kutoka mpakani Rusumo. Mama yake alikuwa ameshamfikia kabla yangu.

"Leila, mama yangu amelea watoto sita," akasema.

"Na mume mmoja," nikamjibu. Akakata simu.

Basi nikaanza vita peke yangu, na sikuwa na mzaha. Chai ya Kaze ikawa bila sukari. Ya kwangu ilibaki na vijiko vyangu viwili, maana mimi sikuandikiwa karatasi. Pikipiki ya kwenda shule ikafutwa. Tukawa tunatembea, dakika ishirini na tano kupanda na kushuka, mimi nyuma yake namhimiza aongeze mwendo. Nilimfuata mpaka mwalimu wake, kijana anayeitwa Régis, anayetoa peremende kwa mtoto anayejibu sawa.

"Peremende moja haina shida, mama," akaniambia. "Inawatia moyo."

"Watie moyo kwa karanga."

Alicheka akidhani natania. Nilisimama mlangoni mwa darasa mpaka akaacha kucheka. Tangu siku hiyo Kaze hakuinua tena mkono darasani, nikaambiwa baadaye. Wakati ule nilihesabu kwamba nimeshinda.

Lakini kule shuleni, njiani na nyuma ya ukuta wa mabukwe nisingeweza kuwa na macho kote. Nilihitaji shahidi. Nikamshonea Kaze sare mpya ya bluu, imekaa kiunoni sawasawa, na kitambaa cha ziada nikakiacha ndani, vidole viwili kila upande, kwa sababu mkono wangu umezoea hivyo. Siku ya kwanza nilimsimamisha kwenye kioo kirefu, wateja watatu wakiwa wamekaa kwenye benchi.

"Kila Jumamosi asubuhi utaivaa mbele yangu," nikamwambia. "Kidole changu kimoja kikipita kiunoni, vizuri. Kisipopita, nitajua umekula, na utaniambia umekula kwa nani."

Wateja walitazamana. Kaze alitazama sakafu. Bibi yake, upande wa pili, aliendelea kupima mchele.

Kwa muuza dawa wa kona kuna mizani, hatua mia kutoka kwetu. Sikwenda hata siku moja. Futi imekuwa shingoni mwangu tangu nina miaka kumi na sita, na hata hiyo futi sikuitumia. Nguo niliyoikata mwenyewe, kidole kinatosha.

Jumamosi ya kwanza kidole kilipita. Ya pili kikapita. Ya tano kilipita kwa nafasi kuliko ya nne. Kaze alianza kuifua sare yake mwenyewe kila Ijumaa baada ya madrasa, bila kutumwa, na kuianika mwenyewe. Nikawaambia majirani kwamba mtoto akibanwa kidogo hupata nidhamu.

Msimu wa harusi ukaingia. Mishanana, mavazi yetu ya sherehe yanayofungwa begani: ya mabibi harusi, ya mashangazi, ya marafiki wa mashangazi. Baraza halikuwa na pa kukanyaga. Kwenye kazi yetu mteja anayesubiri hakai mdomo mkavu. Namwagizia soda, Kaze anakwenda kuichukua dukani kwa bibi yake, na mteja akimaliza Kaze anarudisha chupa, kwa kuwa mabukwe hasamehe chupa, hata kwa ndugu yake. Baada ya shule na Jumamosi nzima alikuwa anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Nikasema afadhali, hayo nayo ni mazoezi.

Siku moja sikujizuia. Mabukwe alikuwa anatia uzi kwenye sindano, mimi napiga pasi.

"Unaona, Mama? Kumbe mtoto anaweza kuishi bila mandazi yako."

Alilenga tundu la sindano mara tatu, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nilijisikia vizuri sana, sitasema uongo.

Miezi mitatu ilipotimia tulirudi kituo cha afya. Nilivaa vizuri. Nilikuwa nimetayarisha hata maneno ya kumjibu Mukarugwiza atakaponisifu. Akamtoboa Kaze kidole, akatazama kile kimashine, akakitazama tena. Akampandisha kwenye mizani.

"Mama, mlibadilisha nini nyumbani?"

"Kila kitu."

"Imepanda," akasema. "Na ameongeza kilo nne."

Nilimwambia mashine yake ni mbovu. Alileta nyingine, akamtoboa mtoto kidole cha pili, jibu likawa lilelile. Kaze hakulia. Alikuwa ameushika upande wa gauni lake kwa mkono mmoja, kiunoni, na hakuuachia.

Mukarugwiza aliandika barua ya hospitali, akaikunja, akaiweka kwenye droo yake. "Miadi ni baada ya wiki sita. Mpitie kwangu siku moja kabla. Ikiwa imeshuka nitaichana hii barua. Ikiwa haijashuka mtakwenda nayo."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilipomwingiza chumbani nilimwambia avue sare. Akasita. Nikaivua mimi.

Niliigeuza ndani nje na kuipeleka dirishani. Vile vidole viwili vya kitambaa havikuwepo. Kilikuwa kimebaki kipande chembamba, upana wa uzi. Kando yake kulikuwa na mistari mitatu ya matundu ya zamani, imepangana, maana nguo ikifumuliwa haisahau sindano ilipopita. Na mshono mpya haukuwa wa cherehani. Ulikuwa wa mkono, mishono midogo ya kurudi nyuma, imelingana mwanzo hadi mwisho. Katika nyumba hii unaoshona hivyo ni mkono mmoja.

"Mama," Kaze akaanza.

"Nyamaza."

"Mama, si..."

"Nimesema nyamaza."

Nikatoka na gauni mkononi.

Kwenye baraza alikuwepo Gahongayire, mteja wangu wa siku nyingi, mwanamke aliyekulia Kampala na sasa anafanya kazi ofisini kule Kicukiro. Alikuwa anangoja kujaribu mshanana wake, soda kando ya mguu. Pembeni yake kulikuwa na wanawake wengine wawili. Mabukwe alikuwa amekaa kwenye mlango wa duka na kofia yake. Nilimtupia gauni mapajani, juu ya kofia.

"Huu mkono ni wa nani?"

Aliliinua karibu na macho. Akapitisha dole gumba juu ya mshono, polepole, kutoka kwapani mpaka kiunoni.

"Mkono mzuri," akasema.

"Nakuuliza ni wa nani."

"Si wangu."

"Basi ni wa paka. Uliapa kwa Mungu hapo ulipokaa. Ukamlisha mwanangu kwa siri, kisha ukafumua nguo niliyoishona mimi ili nionekane mjinga mtaani. Miezi mitatu unanitazama naingiza kidole, unanicheka."

"Sijacheka, Leila."

Hajawahi kuniita Leila. Mimi ni Mama Kaze siku zote. Ningeweza kuishia hapo, na nilijua kwamba naweza kuishia hapo.

"Baba Nasiri ulimlisha mpaka wakamkata mguu," nikasema, na sauti ilifika barabarani. "Akarudi bila mguu, ukaendelea kumkorogea chai kitandani. Ulimuua kwa kijiko. Sasa unataka na mwanangu."

"Banange, Leila," Gahongayire akasema taratibu, kama wasemavyo watu wa Kampala wakishtuka. "Si hivyo. Si mbele ya watu."

Mabukwe alilikunja gauni. Alilikunja vizuri, mikono ndani, kama linavyokunjwa la kuuza.

"Alikuwa anaomba," akasema. Hakuwa ananiambia mimi tu, alikuwa anawaambia wote. "Alilia. Alisema bila sukari ni maji ya kuoshea vyombo, na amebakiwa na nini kingine. Nikampa. Unadhani ni wewe wa kwanza kuniambia? Mimi najiambia kila nikishika kijiko. Kwa sababu hiyo mtoto sikumpa. Sanduku nimelisogeza mpaka barabarani ili akija kushona na mimi asisikie hata harufu."

Nikafungua mdomo nimwambie anadanganya.

"Ni mimi."

Kaze alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kitenge changu, mkononi ana kile kikopo cha bati ambacho wanafunzi huwekea rula na bikari. Alikifungua. Ndani kulikuwa na sindano, nusu ya wembe, na uzi wa bluu uliozungushwa kwenye kipande cha boksi. Ulikuwa uzi wangu.

"Bibi alinifundisha kwa kofia," akasema. "Hakujua kama nashona sare. Nilikuwa nashona Ijumaa chooni, kabla ya kufua."

Nilitazama kile kikopo, kisha mshono ule mapajani mwa mabukwe. Watu wazima ninaowafundisha ushonaji wanakaa mwaka mzima hawajaweza kushona vile.

"Na umekula kwa nani?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa bado ileile. Sikuweza kuipata nyingine.

Kaze aliitazama chupa iliyokuwa kando ya mguu wa Gahongayire. Soda ilikuwa imebaki nusu.

"Sikula. Wanabakizaga," akasema. "Ukinituma kurudisha chupa, nazunguka nyuma ya tangi la maji, namaliza, ndiyo napeleka."

"Hata yangu?" Gahongayire akauliza.

"Wewe unabakizaga nyingi, tantine," akasema, kama watoto wa hapa wanavyowaita mashangazi.

Gahongayire aliivuta chupa nyuma ya kiti chake, ingawa haikusaidia kitu. Mimi nilikuwa nahesabu Jumamosi. Watu wanane, kumi, msimu wa harusi kumi na tano, na kila mmoja mimi ndiye niliyesema Kaze, mletee soda; Kaze, rudisha chupa. Sukari haikupita ukutani. Niliimiminia mwenyewe mkononi mwake, huku nasema ni mazoezi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifikiri kweli, kama anavyofikiri hesabu.

"Ungesema ni Bibi," akasema. "Nimekuambia sasa hivi chumbani, ukasema ninyamaze, ukaja ukasema ni Bibi."

Mabukwe alisimama. Alinipa gauni lililokunjwa, akakusanya nyuzi zake na kofia.

"Nilimzika Sibomana mara moja," akasema. "Leo umemfukua mbele ya wateja wako."

Akashusha mlango wa bati wa duka. Ilikuwa saa tano asubuhi. Duka lile halijawahi kufungwa saa hiyo ila siku ya msiba.

Nilimfuata jioni kumwomba radhi jikoni. Aliinua sufuria yake akaenda kupikia uani. Siku ya pili niligonga mlango, hakufungua. Nikaelewa anachotaka, na nilikasirika kukielewa. Matusi niliyatolea barazani, basi radhi nayo haiwezi kupita mlango wa nyuma. Jumamosi iliyofuata, benchi likiwa limejaa na Gahongayire amerudi kwa mshanana wake, nilisimama mbele ya duka.

"Mama, nilikusingizia," nikasema. "Mtoto hukumpa kitu. Na lile la Baba Nasiri sikuwa na haki ya kulisema. Nisamehe."

"Nimesikia," akasema. Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu. "Wewe, unataka sabuni ya kipande au ya unga?"

Nilitegemea nini, sijui. Nilirudi kwenye cherehani uso unawaka, na wanawake wa benchi wote ghafla wakawa na kitu cha kutafuta kwenye simu zao.

Jambo alilonipa ni hili moja: hakuniuzia tena soda. Mteja wako akitaka soda, alisema, anunue mwenyewe, anywe mwenyewe, arudishe chupa mwenyewe. Niliweka jagi la maji na vikombe. Bi harusi mmoja kutoka Kabeza alinuna, akasema huku hata soda hawajui, akahamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Aende. Vijiko vyangu viwili nami niliviacha. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na kila mtu, na nilipomwambia Kaze kwamba chai hii haina ladha, alinitazama, akanywa yake.

Siku hizi asubuhi anatembea na bibi yake. Wanashuka pamoja mpaka shuleni, polepole kwa ajili ya magoti ya mabukwe, kwa hiyo wanatoka mapema. Nasikia wanazungumza mpaka wanapokata kona. Sijaalikwa.

Wiki sita zilipokwisha Mukarugwiza alimtoboa Kaze kidole, akatazama mashine, akavuta droo. Aliichana barua vipande vinne.

"Imeshuka," akasema. "Haijafika chini kabisa, lakini inaendelea kushuka. Hongera, mama. Mlifanya nini?"

"Tulikunywa maji," nikasema. Nilikuwa na furaha, nikaomba kiti. Kaze alimuuliza kama anaweza kubaki na kipande kimoja cha ile barua.

Kwa hiyo nimepata nilichokitaka. Mtoto hatapelekwa hospitali. Sare ameshonewa nyingine, si na mimi. Alipeleka kitambaa kwa bibi yake, wakaishona wawili kwa mkono, na imemkaa vizuri kuliko yangu.

Saa kumi jioni anarudi kutoka shuleni. Anaingia ndani, anavaa nguo za nyumbani, kisha anatoka na sare mkononi. Anaigeuza ndani nje, anaitandika juu ya meza ya cherehani yangu, mishono ikitazama juu, anarudi nyuma hatua mbili na kuweka mikono mgongoni. Wateja wawepo, wasiwepo. Mara ya kwanza nilimwambia si lazima, mwanangu, nakuamini.

"Tazama tu, Mama," akasema.

Sijamwomba. Kila siku namwambia tena kwamba sijamwomba. Kisha napitisha kidole juu ya mshono, upande huu, na upande ule, namwambia sawa, kwa sababu nisipoitazama haondoki.